Diwani Akisema "Nimelichukua", Analipeleka Wapi?

Machi, mvua za nyanda za juu zikiwa hazijakata, nilikaa kwenye mkutano wa kijiji kimoja wilayani Kilolo, mkoani Iringa. Njia ilikuwa tope tupu. Wanaume wengi walikuja na gambuti, akina mama wamejitanda vitenge juu ya masweta. Tuliposalimiana kamwene na kufungua kwa sala, mwenyekiti wa kijiji akampa diwani nafasi ya kuzungumza. Kabla hajafika mbali, mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye majani, kapu la njegere pembeni yake, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa diwani, boma letu la zahanati limefika lenta tangu mwaka juzi. Tofali tulifyatua wenyewe, mchanga tulibeba kichwani. Mvua hizi zinalimomonyoa. Tuambie, litapauliwa lini?"

Diwani alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, nimelichukua." Watu wakapiga makofi.

Neno hilo nimelisikia Iringa, nimelisikia Njombe, nimelisikia Mbeya. Si jibu baya. Diwani kazi yake kweli ni kuchukua. Kasoro ni kwamba sisi tunaopiga makofi hatuulizi linapelekwa wapi, kwa njia gani, na litajibiwa kwenye kikao cha lini. Tangu tuchague viongozi wa vijiji na vitongoji Novemba 2024, kisha madiwani Oktoba 2025, vijiweni na kwenye vilabu vya ulanzi maneno hayaishi: diwani amelala, diwani kauza eneo, diwani atuletee umeme. Lawama nyingine ni za haki kabisa. Nyingine zinagonga mlango usio wake, na wenye mlango wao wanakaa kwa raha kwa sababu hakuna anayewagongea.

Tuanze na majina, maana hapo ndipo wengi tunapojikwaa.

Ngazi ya chini kabisa ni kitongoji, chenye mwenyekiti wake. Vitongoji kadhaa vinafanya kijiji. Ndani ya kijiji kuna vyombo viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni sisi wote, kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, na ndio wenye kauli ya mwisho. Cha pili ni Halmashauri ya Kijiji, yaani wajumbe 15 hadi 25 wanaoendesha shughuli kati ya mkutano mmoja na mwingine: mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wengine tuliowachagua, wanawake wakiwa na nafasi zao zilizotengwa. Mtendaji wa kijiji yumo kama katibu, lakini yeye ni mwajiriwa, hatukumpigia kura. Anaandika, anatunza kumbukumbu, anasimamia yaliyoamuliwa.

Vijiji kadhaa vikiunganishwa vinakuwa kata, na hapa ndipo diwani anapoingia. Kata nzima humchagua mtu mmoja akaisemee kwenye Halmashauri ya Wilaya, au kwenye manispaa au jiji kwa watu wa mjini. Kikao kikubwa cha madiwani wote wa halmashauri kinaitwa Baraza la Madiwani, na mikutano yake ya kawaida ni ya kila robo mwaka. Wabunge wa majimbo ya hapo nao ni wajumbe, pamoja na madiwani wanawake wa viti maalum. Katibu wa Baraza ni Mkurugenzi wa Halmashauri, anayeteuliwa na Rais. Mkuu wa Wilaya hayumo kwenye Baraza hilo. Yeye ni mwakilishi wa Serikali Kuu, wala diwani si mtu wake wa kutumwa.

Wazee wanaweza kukumbuka kwamba haikuwa hivi siku zote. Halmashauri za wilaya zilifutwa 1972 kwenye mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za 1982 na kuanza kazi tena 1984. Zaidi ya miaka kumi vijiji vilikaa bila madiwani, na nchi iliwarudisha baada ya kuona pengo lao.

Diwani ni mshenga

Njia rahisi ninayoijua ya kumwelewa diwani ni kumfikiria mshenga. Kijana akitaka kuoa, ukoo unakaa, unakubaliana, kisha unamtuma mshenga. Mshenga haoi. Hapangi mahari kwa kichwa chake wala hatoi ng'ombe zizini mwake. Nguvu yake yote imo katika kutumwa. Akifika ukweni na neno la ukoo, anasikilizwa. Akifika na maneno yake mwenyewe, wenyeji watamkaribisha chai, wataongea habari za mvua, na atarudi mikono mitupu.

Diwani naye yuko hivyo. Hakuchaguliwa kukiongoza kijiji. Kijiji kina mwenyekiti wake, aliyechaguliwa kwenye uchaguzi mwingine kabisa, ule unaosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Diwani anapigiwa kura siku moja na Rais na mbunge, chini ya Tume ya Uchaguzi. Kwa hiyo wanaosema diwani ni bosi wa mwenyekiti wa kijiji wamekosea. Hawezi kumfukuza. Mkutano Mkuu ndio unaoweza kumwondoa mwenyekiti wa kijiji kwa utaratibu wake. Diwani mwenyewe, tukishamchagua, sisi wananchi hatuna njia ya kumvua udiwani katikati ya kipindi. Anaweza kuupoteza kwa kujitoa kwenye chama chake au kwa kutoonekana kwenye vikao vitatu mfululizo vya Baraza bila ruhusa, na kwa sababu nyingine za kisheria, lakini si kwa sababu kijiji kimemchoka. Hilo linabaki kwenye sanduku la kura baada ya miaka mitano.

Kuna kosa jingine linalozaliwa hapo hapo. Diwani anaweza kuitisha mkutano wa hadhara, akahutubia, watu wakajaa uwanja. Mkutano ule si Mkutano Mkuu wa Kijiji, hata kama waliokaa ni walewale na mti ni uleule. Mkutano Mkuu unaendeshwa na mwenyekiti wa kijiji, una ajenda, una mahudhurio, una muhtasari, na kwenye mikutano yake ya kila miezi mitatu mapato na matumizi ya kijiji yanapaswa kusomwa. Mchango ukitangazwa kwenye mkutano wa hadhara wa diwani bila kupita huko, bado kijiji hakijaukubali. Akihudhuria Mkutano Mkuu wa kijiji anachoishi, ana haki ya mkazi yeyote mzima. Kwenye vijiji vingine vya kata yake ni mgeni mheshimiwa.

Njia ya boma la zahanati

Sasa turudi kwa yule mama na boma lake, tulifuate boma hilo hatua kwa hatua, maana humo ndimo kazi yote ya diwani inapoonekana.

Wazo linaanzia kitongojini: wajawazito wanatembea mbali, tujenge zahanati. Halmashauri ya Kijiji inalijadili na kulipeleka kwenye Mkutano Mkuu. Mkutano unakubali eneo, unakubali nguvu za wananchi ni zipi (tofali ngapi kila kaya, siku gani za mchanga na maji), na unachagua kamati ya ujenzi. Yote yanaandikwa. Muhtasari huo, wenye tarehe, mahudhurio na saini, ndio "neno la ukoo" ambalo mshenga anabeba.

Muhtasari unapanda kata, kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile ambayo ofisini wanaiita WDC. Mwenyekiti wa kamati hii ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata, na wajumbe ni wenyeviti wa vijiji vyote vya kata pamoja na diwani wa viti maalum anayeishi hapo. Wataalamu wa kilimo, afya na elimu nao hukaa, lakini hawapigi kura. Kwa maoni yangu hiki ndicho kikao muhimu kuliko vyote kwa mtu wa kijijini, na ndicho tunachokifuatilia kidogo kuliko vyote. Hapa vijiji vitano vinaleta mahitaji matano: huyu zahanati, huyu darasa, huyu nyumba ya mwalimu. Fedha haitoshi kwa vyote, kwa hiyo kata inapanga nani atangulie. Mwenyekiti wa kijiji akikosa kikao hicho, au akienda bila muhtasari, kijiji chake kinasukumwa nyuma bila mtu yeyote kufanya hila.

Kutoka kata, diwani analibeba hadi wilayani. Kabla ya Baraza kuna kamati za kudumu, ikiwemo ya fedha, uongozi na mipango, ile ya elimu, afya na maji, na ile ya uchumi, ujenzi na mazingira. Diwani anakaa kwenye baadhi yake, na huko ndiko maswali makali yanakoulizwa, kwa sababu wakuu wa idara wako mezani na takwimu zao. Baraza zima linakuja kupitisha.

Na hapa kuna jambo ambalo ningetamani kila kijiji kiliandike ukutani mwa ofisi yake: kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Jambo lililomo kwenye bajeti ya Julai linatakiwa liwe limejadiliwa vijijini miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia, likapita kata, likafika wilayani kabla Baraza halijapitisha bajeti yake, ambayo kwa kawaida hupitishwa Januari au Februari. Baada ya hapo makabrasha yanaenda mkoani na TAMISEMI, na kuanzia Aprili Bunge linakaa Dodoma kujadili bajeti ya nchi.

Yule mama aliuliza Machi. Swali lilikuwa la haki, lakini lango la mwaka ule lilikuwa limeshafungwa. Diwani aliyesema "nimelichukua" Machi, akitaka kuwa mkweli, alipaswa kuongeza: "na nafasi ya kuliingiza ni vikao vya Oktoba na Novemba, nitawaletea majibu Machi ijayo." Angepata makofi machache zaidi, lakini watu wangerudi nyumbani wanajua.

Fedha ya kupaua inatoka wapi? Kuna ruzuku ya Serikali Kuu, ambayo mara nyingi inashuka ikiwa tayari imeandikwa kazi yake. Halafu kuna mapato ya ndani ya halmashauri, na hapo ndipo sauti ya diwani ina uzito mkubwa zaidi. Kwenye mikoa yetu mapato hayo yanapanda na kushuka na shamba: mbao na viazi vya Kilolo, Mufindi na Njombe, chai na ndizi za Rungwe, mpunga wa Mbarali, kakao ya Kyela, kahawa ya Mbozi. Mabadiliko ya 2017 yaliushusha ushuru wa mazao hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Kwa hiyo gunia linalopita getini ndilo linalonunua bati la zahanati, na diwani ana haki ya kuuliza ndani ya Baraza limekusanywa kiasi gani na limekwenda wapi. Asilimia 10 ya mapato hayo inatengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Diwani hagawi mikopo hiyo kama zawadi, na kikundi hakihitaji kumpigia magoti ili kiombe.

Fedha ikishafika, diwani hasaini hundi. Inasimamiwa na watumishi pamoja na kamati za kijiji, ile ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Ndiyo maana saruji ikipungua mifuko ishirini, wa kwanza kuulizwa ni aliyesaini kuipokea. Diwani anaulizwa la pili: ulipata taarifa, ulifanya nini?

Milango ambayo si yake

Barabara zinaongoza kwa kumtia diwani matatani. Tangu 2017 barabara za vijijini na mijini ziko chini ya TARURA, na zile kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Halmashauri haina tena greda lake la kuamrisha. Maji ya vijijini, tangu sheria ya 2019, yako chini ya RUWASA, na bomba la kijiji linaendeshwa na chombo cha watumia maji chenye viongozi wake. Umeme ni wa TANESCO na REA. Hii haina maana kwamba diwani akae kimya kwenye hayo. Mameneja wa taasisi hizo huitwa kwenye Baraza kutoa taarifa, na diwani mwenye vipaumbele vya kata yake mkononi anaweza kuwabana. Ila tofauti ni kubwa kati ya kumwambia "tutengenezee barabara" na kumwambia "kwenye kikao cha robo hii, muulize meneja kalvati letu liko kwenye mpango wa mwaka gani." Ombi la kwanza linampa mzigo asioweza kuubeba, la pili linampa kazi anayoiweza.

Mfuko pia. Watu huamini kila diwani ana fungu la kata analolikalia. Hana. Mfuko wa Jimbo upo, lakini uko kwenye ngazi ya jimbo na mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge. Diwani hulipwa posho ya mwezi na posho za vikao.

Ardhi inahitaji tahadhari zaidi, hasa huku kwetu ambako watu wa mjini wanatafuta ekari za kupanda paini na parachichi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni Halmashauri ya Kijiji, kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Diwani hayumo kwenye mnyororo huo. Akija na mwekezaji kwenye gari moja, mpokeeni kwa heshima zote, kisha mwombeni mwekezaji afuate utaratibu wa kijiji. Barua yenye mhuri wowote usiotokana na uamuzi wa Mkutano Mkuu haitoshi. Migogoro ya mipaka nayo ina mabaraza yake, la kijiji na la kata. Tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui kesi. Diwani anaweza kuwaketisha ndugu wawili wanaogombea mfereji, na wengi wanafanya hivyo vizuri sana, lakini si hakimu.

Mhudumu wa zahanati anayewatukana wajawazito? Diwani hawezi kumhamisha kwa simu. Anaweza kulifikisha kwenye kamati na Baraza, ambalo lina nguvu juu ya nidhamu ya watumishi wa halmashauri kwa taratibu zake. Hapo napo, barua ya malalamiko yenye tarehe za matukio ina nguvu kuliko umbea wa kijiweni.

Kuna jambo moja zuri ambalo wachache wanalijua. Kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo: mifugo isiingie mashambani, chanzo cha maji kisilimwe, moto usiwashwe kiangazi. Zikipitishwa na Mkutano Mkuu, hazijakamilika mpaka Baraza la Madiwani liziidhinishe. Nimeona kijiji kikikaa miaka na sheria ndogo nzuri ya kulinda chemchemi, kikashindwa kumtoza mtu faini kwa sababu karatasi ilibaki droo ya kata. Kuivusha karatasi ile ni kazi ya diwani kuliko kutoa rambirambi.

Nikisema hivyo sidharau rambirambi. Diwani wa huku anaishi kati yetu. Saa kumi na mbili asubuhi mtu yuko mlangoni kwake: mtoto amechaguliwa sekondari hana godoro, msiba umeingia, ng'ombe wa fulani wamekula mahindi. Anazika nasi, anaoza nasi, anatoa alichonacho kwenye kila daftari la mchango. Huo ni ujirani mwema na naupenda. Ubaya unaanza tunapompima kwa daftari hilo pekee. Diwani anayetoa ng'ombe kwenye kila msiba na hajawahi kuuliza swali moja kwenye Baraza amekinyima kijiji kitu kikubwa, na diwani asiye na kitu mfukoni anaweza kuwa amekiletea kijiji paa la zahanati. Tunataka mtu mwenye uwezo wa kutoa, halafu tunashangaa kwa nini vijana wenye akili na wasio na hela hawagombei.

Yule mama hakukaa chini baada ya makofi. Alisubiri yaishe, akamgeukia mtendaji, akamwomba afungue daftari atafute zahanati iliandikwa lini mara ya mwisho. Kurasa zikafunuliwa muda mrefu. Ilikuwa imetajwa kwenye mikutano, watu wote walikumbuka, lakini tangu boma lifike lenta hapakuwa na azimio lolote juu ya kupaua. Hakikuwa kimepanda kitu chochote kata.

Diwani mwenyewe ndiye aliyesema, "Basi niandikieni, nami nibebe." Ikaandikwa palepale, kwa kuwa ulikuwa Mkutano Mkuu halali: idadi ya tofali zilizojengwa, mbao ambazo kijiji kitatoa kutoka shamba lake la miti, na bati zinazohitajika. Nakala moja kwa mtendaji wa kata, na ajenda irudi kwenye mkutano wa Septemba kabla ya msimu wa mipango.

Mtendaji akasoma alichoandika kwa sauti: "Wananchi wanaomba boma lipauliwe." Mama akanyoosha mkono tena. Akataka iandikwe, "Mkutano Mkuu wa Kijiji umeamua." Mwenyekiti akawauliza watu, mikono ikainuka, mtendaji akafuta na kuandika upya.